Jinsi ya Kupima Usanii wa Sura Kwenye Sarafu za Kale za Kirumi: Mwongozo Kamili

Kosa ni moja na linajirudia. Mtu anawekewa picha mbili za sarafu za Kirumi, moja inang'aa na nyingine imesagika shavu na nywele, kisha anaulizwa ni ipi iliyochongwa kwa ustadi zaidi. Anachagua inayong'aa, na mara nyingi amekosea. Kung'aa kunaeleza sarafu ilivyotunzwa. Juu ya mkono uliochonga hakusemi neno.

Zipo sarafu za karne ya 3 zilizochimbuliwa zikiwa kama zimepigwa jana, na sura yake imechongwa harakaharaka. Zipo pia sesterti (sarafu kubwa za shaba) za Kaisari Galba zilizolika nusu, na bado unamwona mzee mkali, pua ya kipanga, midomo imebanwa. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kutenganisha mambo hayo mawili. Historia ya dola ya Roma tutaigusa pale tu inapobidi.

## Mahitaji

- Picha kubwa za sarafu. Si lazima umiliki hata moja. Katalogi ya OCRE ya sarafu za dola ya Roma ni ya bure mtandaoni, na makumbusho ya British Museum na ya Münzkabinett ya Berlin yameweka picha nyingi wazi.
- Kama unayo sarafu mkononi: lenzi ya kukuza mara 5 kwa kuangalia sura nzima, na ya mara 10 kwa kukagua udanganyifu.
- Tochi ndogo au taa ya simu.
- Sarafu ya mazoezi yenye sura ya mtu: shilingi 200 ya Tanzania yenye Mzee Karume, au sarafu ya Kenya ya kabla ya 2018 yenye Mzee Kenyatta.
- Kipande cha sabuni ya mche, msumari, mafuta kidogo ya kupikia na donge la unga wa ngano uliokandwa.
- Kadi mbili za karatasi nyeusi, daftari na kalamu.

Sarafu tutakazozitaja sana ni mbili. Dinari ya fedha (ndiyo ile ya kwenye Injili) ina kipenyo cha milimita 18 hivi. Sesterti, ya shaba iliyochanganywa na zinki, ilifika milimita 35 na gramu 25 hivi. Anza na sesterti. Mchongaji alikuwa na nafasi ya kutosha, na wewe una nafasi ya kuona.

## Hatua ya 1: Chonga sikio kwenye sabuni

Usiiruke hatua hii hata ukiiona ya kitoto. Wanaoiruka ndio wanaorudi kuuliza maswali yaleyale.

Sawazisha uso wa sabuni kwa kisu. Kwa ncha ya msumari, chimba sikio la mtu lenye urefu wa sentimita moja. Kumbuka mambo mawili: unachotaka kiinuke sana ndicho unachochimba sana, na kila kitu kinakaa kinyume, kulia kuwa kushoto. Paka mafuta kidogo, gandamiza donge la unga, livue taratibu.

Sababu ni kwamba mchongaji wa Kirumi alifanya kazi hiyohiyo. Hakuigusa sarafu yenyewe. Alichimba shimo lenye umbo la uso kwenye muhuri wa chuma au shaba ngumu, uso ukiwa umegeuzwa. Muhuri wa kichwa kwa kawaida ulikazwa chini, kwenye fuawe. Kipande cha madini kikawekwa juu yake, muhuri wa nyuma ukashikiliwa juu, nyundo ikashuka.

Umefaulu ukipata sikio lenye ukingo ulioinuka na bonde katikati. Wengi hupata uvimbe usio na umbo mara ya kwanza. Rudia mpaka bonde lionekane. Baada ya hapo hutaliona tena sikio la dinari kwa macho ya zamani: milimita 3 tu, limechongwa kinyume, na lina ndewe.

## Hatua ya 2: Tenganisha muhuri, pigo na uchakavu

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wanapoanguka. Sura mbaya inaweza kuwa na sababu nne tofauti, na ni moja tu inayomhusu mchongaji. Tatu za kuondoa kwanza ni hizi.

Uchakavu. Sarafu ikipita mikononi inasagika kwanza sehemu zilizoinuka zaidi: nywele za juu ya sikio, mfupa wa shavu, nyusi, na majani ya taji. Sehemu za bondeni, kama kona ya jicho na mstari kati ya midomo, hubaki. Kwa hiyo ukiona shavu limelala lakini kona ya jicho ni kali, huo ni uchakavu. Usimtoze mchongaji.

Pigo. Nyundo ikipiga vibaya, madini hayaingii hadi chini ya shimo. Shavu linakuwa bapa, lakini ukilimulika unaona ngozi ya asili ya madini, yenye chembechembe, haijalainika kwa kusuguliwa. Mara nyingi upande wa pili, mahali palepale, napo pamefifia. Sura kukaa pembeni badala ya katikati ni kosa la mpiga nyundo pia.

Muhuri uliochoka. Muhuri mmoja ulipiga sarafu maelfu. Ukichoka, miguu ya herufi hupanuka kuelekea ukingoni, na mistari myembamba hutawanyika kutoka katikati kwenda nje. Uso unakuwa umevimba kidogo na mipaka imelegea. Mchongaji alifanya kazi yake. Waliokataa kubadilisha muhuri ni wengine.

Kinachobaki ukishaondoa hayo matatu ndicho unachopima.

Makampuni makubwa ya kupima sarafu yanalijua hili. NGC, kwa mfano, hutoa alama ya pigo na alama ya uso wa madini, kila moja kati ya 5, mbali kabisa na daraja la uchakavu. Sarafu yenye uchongaji wa kipekee hupewa tamko la ziada. Muuzaji akikwambia "daraja la juu" amekueleza hali ya sarafu tu.

Umeiva kwa hatua hii pale unapoweza kunyoosha kidole kwenye kila sehemu iliyofifia na kusema ni kwa sababu ipi. Usipoweza, usiendelee, tafuta nakala nyingine ya aina hiyohiyo iliyo kamili zaidi.

## Hatua ya 3: Chezesha mwanga

Chukua ile sarafu ya mazoezi, zima taa ya chumba, imulike kwa tochi kutoka pembeni, karibu usawa wa meza. Izungushe polepole. Utaona Mzee Karume anabadilika: mwanga ukitoka mbele ya uso paji linang'aa na shavu linazama, ukitoka kisogoni, taya linakuwa zito na mtu anaonekana amekasirika.

Picha za mtandaoni zimepigwa na mtu aliyechagua mwanga mmoja kati ya hizo. Kwa hiyo usihukumu "tabia" ya Kaisari kwa picha moja. Tafuta walau tatu, za wapigapicha tofauti.

Tahadhari: mwanga ukitoka chini, jicho hudanganyika na sura huonekana imezama ndani badala ya kuinuka. Ikikutokea, geuza picha juu chini kisha uirudishe.

## Hatua ya 4: Fuata mstari wa uso

Funika kwa kadi nyeusi nywele, sikio na shingo. Acha ule mstari tu unaoshuka kutoka paji la uso, puani, midomoni, kidevuni, hadi kooni.

Mchongaji mzuri anaonekana hapa kabla ya pengine popote. Mstari wake una mifupa ndani. Paji linaingia kwenye mzizi wa pua kwa pembe inayoeleweka, mdomo wa juu una kina tofauti na wa chini, na chini ya kidevu kuna nyama inayoning'inia au iliyokaza kulingana na umri. Mchongaji dhaifu anachora pua kama pembetatu na midomo kama vitone viwili.

Wa kujifunzia ni Galba na Vitellius. Galba alitawala kwa miezi saba tu, kuanzia Juni 68 BK hadi Januari 69, akiwa mzee wa miaka 70 na ushei. Vitellius alimaliza mwaka huohuo wa 69. Weka mistari yao miwili sambamba: mmoja kavu, pua imepinda, mashavu yamebonyea, mwingine mnene, kidevu kimemezwa na shingo. Hakuna jina linalohitajika kusomwa. Kwa maoni yangu sesterti za Galba ndizo kilele cha uchongaji wa sura Roma, kuliko hata za Nero zinazosifiwa na kila mtu.

Kipimo chako: chora mstari huo kwenye daftari kwa kalamu, bila kitu kingine, kisha umwonyeshe mtu. Akisema "huyu mzee" au "huyu mnene" bila kuambiwa, mchongaji alikuwa anajua kazi.

## Hatua ya 5: Jicho na sikio

Ondoa kadi. Angalia jicho.

Mtu akitazamwa kwa upande, jicho lake huwa na umbo la pembe tatu: ncha nyuma, mboni mbele, na kope la juu likifunika kidogo. Mchongaji aliyejifunza analiweka hivyo, na analirudisha ndani kidogo nyuma ya mzizi wa pua. Asiyejifunza anaweka jicho zima linalokutazama, umbo la kunde, kwenye uso unaotazama pembeni. Ukiliona hilo kwenye sarafu ya karne ya 1 au ya 2, huo ni mkono wa mwanafunzi, au ni sarafu bandia ya zama zile.

Sikio lina kanuni rahisi: ncha ya juu iwe usawa wa nyusi, ndewe iwe usawa wa chini ya pua. Likipanda au kushuka, kichwa kizima kinaharibika hata kama hujui kwa nini. Halafu angalia bonde lake. Kama ni herufi C yenye nukta katikati, mchongaji alikuwa na haraka. Kama lina kuta zenye unene tofauti, mpe alama zake.

## Hatua ya 6: Nywele na ndevu

Nywele ndizo zinazowalaghai watazamaji wengi, maana mistari mingi huonekana kama kazi nyingi. Hesabu ya mistari iache. Uliza kama nywele zimekaa juu ya fuvu, au zimepakwa juu ya duara.

Kumbuka kinyume tena: mchongaji alichimba kwanza uvimbe wa fuvu, ndipo akachimba vishungi ndani yake. Fundi mzuri anavipa vishungi mwelekeo. Vinaanzia utosini, vinageuka, vinapishana. Fundi mbovu anakwaruza mistari sambamba.

Kila zama ina mtihani wake. Kwa Nero wa miaka ya mwisho, angalia nywele za mbele zilizopangwa ngazi kwa ngazi juu ya paji. Kwa Hadrian (117–138), angalia jinsi ndevu fupi zinavyokutana na shavu: ziwe zinafifia taratibu, zisiwe na mpaka kama barakoa. Faustina, mke wa Antoninus Pius, ana misuko iliyokunjwa utosini. Fuata msuko mmoja na uone kama unatoka mahali na kufika mahali. Kwa Commodus wa miaka ya 191 na 192 aliyevaa ngozi ya simba mfano wa Hercules, tazama kama manyoya ya simba yanatofautiana na ndevu za mtu. Wachongaji wengi walishindwa hapo.

Kwa makaisari wanajeshi wa katikati ya karne ya 3, kama Philip Mwarabu na Trajan Decius, nywele zilinyolewa fupi na wachongaji wakazionyesha kwa vidonoo vya ncha ya chuma. Usidhani ni uvivu. Vidonoo vikifuata umbo la fuvu na kupungua kuelekea kipajini, ni ufundi wa hali ya juu. Vikitawanywa ovyo, basi.

## Hatua ya 7: Shingo, kifua na nafasi

Shingo ni mahali ambapo fundi aliyechoka hujifichua. Tafuta msuli unaotoka nyuma ya sikio kwenda kwenye mfupa wa kifua. Kwenye dinari za Julius Caesar za mwaka 44 KK, ambazo ndizo za kwanza za Roma kuweka sura ya Mrumi aliye hai, shingo ndefu yenye mikunjo ndiyo inayobeba sura nzima. Na ubora wake hupishana mno kati ya muhuri na muhuri, ndani ya miezi michache tu.

Kisha angalia mkato wa chini wa shingo. Umepinda kwa makusudi, au umekatwa tu palipokwisha nafasi? Kwenye sarafu za Nero za shaba kutoka Lugdunum, ambayo leo ni Lyon nchini Ufaransa, utakuta kitufe kidogo cha mviringo kwenye ncha ya mkato. Ni alama ya kiwanda hicho.

Mwisho, jitenge na sura uangalie uwanja unaoizunguka. Herufi zinapumua? Taji limegonga maandishi? Fundi aliyepanga kazi vizuri huacha nafasi mbele ya uso iwe kubwa kidogo kuliko ya kisogoni, ili mtu asionekane amegonga ukuta.

## Hatua ya 8: Linganisha na wa zama zake

Fungua OCRE, tafuta aina hiyohiyo ya sarafu, weka nakala kumi kando kwa kando. Utagundua haraka kwamba "sura ya Vespasian" si moja. Kuna mikono kadhaa, na mmoja au miwili iko juu ya mingine. Bila hatua hii unapima sarafu moja hewani.

Lakini linganisha na wa zama zake. Augustus alikufa mwaka 14 BK akiwa na miaka 75, na kwenye sarafu alibaki kijana mpaka mwisho. Kukosekana kwa makunyanzi si udhaifu wa mchongaji. Ndivyo alivyotakiwa kufanya. Kwake pima utulivu wa mstari na uwiano wa nafasi.

Vivyo hivyo kwa Diocletian na watawala wenzake watatu baada ya mwaka 293. Vichwa vyao ni vya mraba, shingo nene, ndevu za vidonoo, na wanafanana kama wamezaliwa tumbo moja. Ilikusudiwa hivyo, kwa sababu ujumbe ulikuwa umoja wa utawala. Uliza kama ule mraba una nguvu au umelegea.

Mfano wa kukuonya ni Maximinus Thrax. Alitangazwa Kaisari na jeshi mwaka 235 mpakani mwa Germania, na hakuwahi kukanyaga Roma akiwa Kaisari. Dinari zake za kwanza zina sura inayokaribia ya mtangulizi wake, Severus Alexander, maana wachongaji wa Roma hawakuwa na mfano wa uso wake. Baadaye, kwenye sarafu ambazo jina lake limeongezwa GERM, ndipo linapotokea lile taya kubwa lililochomoza. Mchongaji wa mwanzo anaweza kuwa fundi bora na bado asimpatie mtu wake. Ubora wa uchongaji na kufanana na mtu vipe alama mbili tofauti.

Sababu ya kiuchumi nayo ipo. Chini ya Gallienus, antoniniano, sarafu yenye Kaisari aliyevaa taji la miale, ilibaki na fedha chini ya asilimia 5, ikapigwa kwa wingi mno. Mihuri mingi ilihitajika upesi, na haraka hiyo inaonekana kwenye masikio.

## Hatua ya 9: Jihadhari na uzuri wa kupindukia

Ukishajifunza kupenda uchongaji mzuri, wewe ndiye mteja anayetafutwa na walaghai. Mambo matatu ya kukagua:

Kuchongwa upya. Mtu huchukua sesterti iliyochakaa na kuchonga nywele upya kwa kisu. Dalili: nywele kali kama wembe juu ya sarafu ambayo upande wake wa nyuma umesagika. Uwanja kuzunguka kichwa nao huwa umeparuliwa ukashuka. Lenzi ya mara 10 itaonyesha mikwaruzo ya tindo.

Kuyeyushwa na kumiminwa. Tafuta vitundu vya hewa kwenye uwanja, herufi zenye kingo za mviringo, na mstari wa kuungia kwenye ukingo wa sarafu. Sarafu iliyopigwa kwa nyundo haina mstari huo.

Wa Padova. Giovanni da Cavino (1500–1570) wa mji wa Padova, Italia, alichonga mihuri yake mwenyewe kwa kuiga sesterti, kwa ustadi wa ajabu. Kazi zake zinajulikana kwa kuwa safi kupita kiasi: duara kamili, pana, herufi zimenyooka sawasawa. Ni kazi za sanaa za karne ya 16, ila si za Kirumi.

## Hatua ya 10: Andika hukumu

Usiseme "nzuri". Andika sentensi fupi nane hivi, kila moja ikitaja jambo moja la sarafu. Kwa sesterti ya Galba iliyopigwa Roma mwaka 68, maandishi ya daftarini yawe hivi:

*Uchakavu: taji na nywele za juu ya sikio zimesagika, shavu nusu. Pigo: katikati, herufi za mwisho dhaifu. Mstari wa uso: bora, pua ina mfupa, mdomo wa juu umeingia ndani kama wa mtu aliyepoteza meno. Jicho: la upande, kope zote mbili zipo. Sikio: usawa sahihi, bonde linasomeka. Shingo: mshipa na ngozi iliyolegea, vimechimbwa kwa vina tofauti. Nafasi: kichwa kikubwa kidogo kwa uwanja, taji linakaribia herufi. Mkono: wa juu kati ya kumi nilizolinganisha.*

Ona kwamba sarafu hiyo imechakaa na bado imepata alama za juu, na kwamba kasoro ya mchongaji, ile ya nafasi, imeandikwa mbali na kasoro za muda.

Fanya hivyo kwa Galba, Vespasian, Hadrian, Caracalla na Diocletian, kwa mpangilio huo. Caracalla mchukue mara mbili: mtoto wa mwaka 196 mwenye mashavu laini, na mtu mzima wa 215 aliyekunja uso. Kisha mpe mwenzako picha zilezile, kila mmoja aandike peke yake, na mlinganishe. Mkipishana kwenye mstari wa "Uchakavu" au "Pigo", mmoja wenu arudi Hatua ya 2. Mkipishana kwenye mstari wa "Mkono" tu, hayo ni mabishano halali, na mnaweza kuendelea nayo mpaka chai ipoe.